Ripoti ya MRI ikisema "ubongo umesinyaa" haijamaliza maneno. Kinachotangulia kukatika ni mawasiliano

mkongojo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Siku hizi haipiti wiki bila mtu kubandika humu ripoti ya MRI (ile picha ya ndani ya kichwa) ya mzazi wake na kuuliza, "Ubongo umesinyaa, unarudi?" Chini yake majibu yanajipanga: wa kwanza anauza mafuta ya habbat soda, wa pili anashauri mzee aandikishwe wosia mapema, wa tatu anataka kujua kama kuna shamba. Nimevumilia, nimechoka. Kazi yangu ni mionzi, ni mmoja wa wale wanaokaa nyuma ya kioo mgonjwa akiwa ndani ya mashine. Na nyumbani tuna mama mkubwa mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili taratibu. Siyo daktari, kwa hiyo madaktari wa neva waliomo humu ruksa kuongezea nyama.

Kwanza kabisa, "kusinyaa" siyo jina la ugonjwa. Ni maelezo ya kilichoonekana siku hiyo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, na sote unatupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa mzee asiye na ugonjwa hupungua kama asilimia 0.2 hadi 0.5 kwa mwaka. Kwa mwenye Alzheimer inakaribia asilimia 2. Hipokampasi, kile kipande kidogo kilichojificha ndani usawa wa masikio, kinachopokea mambo mapya na kuyageuza kumbukumbu, hupungua kwa kasi zaidi: asilimia 1 hadi 1.5 kwa mzee wa kawaida, 3 hadi 5 kwa mgonjwa. Kwa hiyo tofauti iko kwenye kasi, na picha moja haionyeshi kasi. Daktari makini akiwa na mashaka anaweza kuomba picha nyingine baada ya mwaka, kwenye mashine ileile ikiwezekana. Msimwone anatafuta hela.

Tunachoangalia ni hiki. Tunaipanga picha kama vile unamtazama mgonjwa uso kwa uso, halafu tunaipitia vipande vyembamba kutoka paji la uso kurudi kisogoni. Fuvu halisinyai, kwa hiyo kila mahali ubongo unapoachia nafasi maji ya ndani ya fuvu yanaijaza, na kwenye aina ya picha tunayoitumia kwa kazi hii maji hayo ni meusi. Mikunjo ya juu inaachana. Vyumba vya maji vya katikati vinatanuka. Pembeni ya hipokampasi, ambapo panatakiwa pawe pamebanana, unaona ufa mweusi. Mwaka 1992 Philip Scheltens na wenzake wa Uholanzi walitoa kipimo cha kukadiria kwa macho, 0 hadi 4, kwa eneo hilo tu, na kinatumika mpaka leo. Sifuri hakuna pengo, nne hipokampasi imebaki jina. Mbili kwa bibi wa miaka 82 haimshtui mtu. Mbili kwa mwalimu wa miaka 58 anayepotea njia ya kwenda shule aliyofundisha maisha yake yote, hapo tunaitana.

Kwa hiyo ripoti ikiandika tu "kusinyaa kunakolingana na umri", tulia. Ikiandika hipokampasi, uliza imepewa namba gani, na kama pande zote mbili zinalingana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi. Kusinyaa huko tunakokuona ni matokeo ya mwishoni mwishoni. Seli moja ya neva inawasiliana na maelfu ya wenzake kupitia sinapsi, pale ujumbe unapovuka kutoka seli moja kwenda nyingine. Ugonjwa unaanza kutafuna hapo. Sinapsi zinapotea, matawi ya seli yananywea, na seli yenyewe inakufa baadaye. Mpaka mashine yangu ione pengo, mawasiliano yameshakatika siku nyingi.

Alois Alzheimer alipowaeleza madaktari wenzake kule Tübingen mwaka 1906 habari za Auguste Deter, mama aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu, alitaja ubongo uliosinyaa, mabaka kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua mabaka ni protini inayoitwa amiloidi, na nyuzi ni protini ya tau. Kwa miongo mingi watafiti walihesabu mabaka kama vile ndiyo kila kitu. Tatizo, kuna watu wanakufa na mabaka tele na akili zao timamu. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake walilinganisha vitu mbalimbali kwenye ubongo wa waliofariki na alama walizopata kwenye vipimo vya akili wakiwa hai. Kilichoendana zaidi na alama zile ni sinapsi zilizobaki. Mabaka yalikuja mbali nyuma.

Ila kazi inayonikosha kuliko zote ni ya 1984, ya Bradley Hyman na wenzake wakiwa Iowa. Waligundua kwamba uharibifu umechagua seli maalumu: zile zinazoingiza taarifa hipokampasi, na zile zinazozitoa. Hebu fikiria kijiji ambacho mafuriko yamechukua barabara zote. Nyumba zimesimama, watu wapo, sokoni kuna vitu, lakini hakiingii kitu wala hakitoki. Ndivyo hipokampasi ya mgonjwa inavyokuwa. Mwaka 1996 Teresa Gómez-Isla na timu yake wakahesabu seli kwenye lango lenyewe, eneo linaloitwa gamba la entorinali. Kwenye tabaka la pili, ambalo ndilo linaloituma taarifa hipokampasi, watu wenye dalili ndogo kabisa walikuwa wameshapoteza karibu asilimia 60 ya seli. Walioumwa sana, karibu asilimia 90. Dalili ndogo kabisa, wakuu! Yule ambaye familia inasema "anasahausahau tu, ni uzee".

Mama mkubwa wangu ukimwonyesha sufuria anakuambia sufuria. Majani ya chai anayajua, sukari anaijua, na jiko la gesi anajua kuliwasha. Mwambie apike chai. Atabandika maji, atashika kijiko cha majani, halafu atasimama nacho mkononi akiangalia sufuria inavyochemka, kisha atakirudisha kwenye kopo na kwenda kukaa. Ukimuuliza chai iko wapi, anakuuliza wewe chai gani. Hakuna kitu pale asichokijua kwa jina lake. Kilichokatika ni ule uzi wa kutoka hatua moja kwenda nyingine. Dada zangu walimwona anajitia. Nilipowaeleza hivi ndipo kelele zilipopungua jikoni.

Kitu cha mwisho kabla sijawaachia. Mtu akiwa ametulia hana analofanya, sehemu fulani za ubongo zilizo mbali mbali huwa zinapanda na kushuka pamoja, kama kitu kimoja. Marcus Raichle aliueleza mtandao huo mwaka 2001. Mwaka 2004 timu ya Michael Greicius ikaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer mtandao huo umelegea, hasa baina ya hipokampasi na sehemu ya nyuma katikati ya ubongo. Na mwaka uliofuata ikaonekana amiloidi inapenda kujikusanya kwenye maeneo ya mtandao huohuo. Tau nayo inasambaa kwa kufuata njia zilezile za mawasiliano, kutoka seli hadi seli. Ndiyo maana ugonjwa huu una ramani inayotabirika. Heiko na Eva Braak waliichora mwaka 1991 kwa hatua sita: unaanzia langoni, unaingia hipokampasi, ndipo unatapakaa gamba lote la ubongo, yaani tabaka lake la juu.

Karibuni.

BintPangani

Asante kaka, uzi umeshiba. Bibi yangu anasoma Yasini mwanzo mpaka mwisho, hakosei hata irabu. Akimaliza anauliza kama ameshakula, na sahani bado iko mbele yake. Watu wanasema mbona Kurani haisahau, basi anajifanya.

mkongojo

Dada, hajifanyi. Alichokisoma tangu utotoni, maelfu ya mara, hakiitegemei tena hipokampasi. Kimeshatapakaa sehemu nyingine za ubongo, na mambo ya mdomo na mikono yaliyozoeleka yana njia zake ambazo ugonjwa unachelewa kuzifikia. Chakula cha leo ni kitu kipya, kinahitaji kupita langoni, na lango ndilo lililobomoka. Kwa hiyo mwache asome, na msomee pamoja. Usimuulize "unakumbuka umekula nini?" Huo ni mtihani atakaofeli kila siku, na kufeli anakuhisi hata akikisahau alichofelia.

Ngosha_wa_Ziwani

Mkuu nakuheshimu, ila haya ni magonjwa ya wazungu. Wazee wetu walikula viazi na samaki, wakafa na akili zao.

mkongojo

Ngosha, nusu ya hoja yako ina mashiko. Kuna utafiti mkubwa uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha wa Ibadan wanapata Alzheimer kwa kiwango cha chini ya nusu ya wale wa Indianapolis. Kwa hiyo ndiyo, maisha tunayoishi yana mchango. Lakini chini ya nusu siyo sifuri.

Na wazee wa zamani wengi hawakufika umri wa kuumwa. Leo mzee anafika 80 akiwa na presha na kisukari. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wana magonjwa ya kupoteza akili uzeeni, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao wazungu wako wachache hapo.

nesi_wa_Hai

Niongezee kwa Ngosha. Hapahapa Kilimanjaro, wilaya ya Hai, wazee wa miaka 70 na zaidi walipimwa kijiji kwa kijiji, na matokeo ya mwaka 2013 yalitoa asilimia 6.4 wenye tatizo. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwapeleka hospitali kwa sababu hiyo.

Kilichotusaidia huku ni kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wasiosoma. Vipimo vya Ulaya vinamwambia bibi chora saa, andika sentensi. Bibi hajawahi kushika kalamu, umeshamfelisha kabla hujaanza. Cha huku unampa maneno ayakumbuke baada ya muda, unamwambia ataje wanyama anaowajua, halafu unapanga njiti za kiberiti mezani na kumwambia naye apange vilevile. Mzee mzima anapanga huku anakucheka. Mwenye tatizo anazishika njiti, anaziangalia zako, anaziangalia zake, mkono hauendi. Au anaanza kuziweka juu ya zako. Ukishaona hilo mara moja hulisahau.

mkongojo

Nesi, hapo umenigusa. Njiti zile zinapima muunganiko kwa senti tano: macho yanaona umbo, sehemu za nyuma ya kichwa zinapanga nafasi, sehemu ya mbele inatoa amri, mkono unatekeleza. Zote zinatakiwa ziongee. Unapata jibu bila kumsafirisha mzee kuja kwenye mashine yangu, na mashine zenyewe mnajua ziko mijini.

mtu_wa_Ganze

Huku kwetu Kilifi, mwenye mvi akianza kuzungumza peke yake na kutembea usiku hapelekwi kwa daktari, anaitwa mchawi. Wazee wameuawa, wengine wamekimbilia Kaya Godoma kuokoa roho. Na ukichunguza, nyuma yake huwa kuna kesi ya ardhi. Sasa hizo hoja zako za sinapsi nitamwelezaje kijana aliyeshika panga?

mkongojo

Ndugu yangu, kijana wa panga hutamweza kwa sinapsi, na wala usijaribu peke yako. Huyo ana hesabu zake za shamba, anajua fika anachokifanya. Kwake ni chifu, polisi na majirani. Unayemweza ni binti wa yule mzee, au mkwe, ambaye kweli anaogopa akimsikia mzee anaongea na marehemu. Huyo ukimwambia ubongo unaumwa, kwamba kichwani mwa mzee mwaka 1965 uko wazi na jana haipo, kwa hiyo anamwita mtu aliyekuwepo mwaka 1965, anaelewa. Nimeona watu wanaelewa. Kanda ya Ziwa tulikuwa na yetu ya vikongwe walioitwa wachawi na kuuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Msiba uleule.

Mdigo_Minnesota

Nipo Marekani. Baba anataka kuanzishiwa lecanemab. Nimesoma mahali kwamba dawa hizi zinapunguza ubongo. Sasa ni dawa au sumu?

mkongojo

Umesoma sahihi, na hata wataalamu linawatatiza. Lecanemab, dawa ya kuondoa mabaka ya amiloidi, ilipata idhini kamili Marekani mwaka 2023. Kwenye utafiti wa watu karibu 1,800 kwa miezi 18, waliopewa walidhoofika polepole kuliko wasiopewa, tofauti ya asilimia 27. Hakuna aliyerudishiwa kilichopotea. Na ni kweli, ujazo wa ubongo wa waliopewa dawa za kundi hili ulipungua zaidi kuliko wa wenzao. Wapo wanaosema ni mabaka yameondolewa pamoja na uvimbe wake, siyo seli zilizokufa. Wengine hawajaridhika na jibu hilo. Ndiyo ujue hata namba ya kusinyaa peke yake haikupi hali ya mgonjwa.

Linalotakiwa likushughulishe zaidi ni kuvimba na kuvuja damu kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo MRI zinarudiwa mara kwa mara hasa miezi ya mwanzo. Uliza kama baba amepimwa APOE4, jeni ya kurithi inayohusishwa na Alzheimer. Mwenye nakala mbili yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Na kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, daktari ajue kabla.

Kwa tuliobaki huku, tunachokipata mara nyingi ni donepezil. Inazuia asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe, isivunjwe haraka pale kwenye sinapsi, ili ujumbe mdogo uliobaki uvuke vizuri. Baadhi ya wagonjwa wanachangamka kwa muda. Kusinyaa hakusimami.

Kocha_wa_Mtaa

Mazoezi je?

mkongojo

Kocha, mwaka 2011 timu ya Kirk Erickson ilichukua wazee 120 wasio na ugonjwa. Nusu walitembea kwa miguu dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Hipokampasi zao ziliongezeka kama asilimia 2, wakati za wenzao waliofanya kujinyoosha tu zilipungua. Mwenye Alzheimer hutamrudisha kwa kutembea, ila wewe unayenisoma hapa ukiwa na miaka 45 na kitambi, hiyo inakuhusu. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vya kupoteza akili uzeeni duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Baadhi ni presha, kisukari, sigara, kolesteroli, kukosa elimu utotoni, upweke, na masikio. Masikio watu wanayadharau. Mzee asiyesikia anaacha kuongea na watu, na ubongo usioongea na watu unakosa kazi. Anzeni kwa kuangalia kama yamejaa nta.

Mwanaidi_K

Samahani nachelewa. Mama ana miaka 74, mwezi uliopita aliteleza bafuni akagonga kichwa, hakutoka damu, tukamkanda yakaisha. Sasa kama wiki mbili analala sana, anasahau majina yetu, na mguu wa kulia anauburuta kidogo. Kabla ya hapo alikuwa anafanya biashara zake mwenyewe. Jirani kasema ndiyo hiyo Alzheimer yenu, nianze vitamini.

mkongojo

Mwanaidi, vitamini weka pembeni. Alzheimer haiji ndani ya wiki mbili na haiburuti mguu. Mzee aliyeanguka, halafu wiki chache baadaye akawa mzito na upande mmoja unalegea, anaweza kuwa na damu iliyokusanyika chini ya fuvu inayoubana ubongo. Hiyo inaonekana kwenye CT ya kawaida, picha ya kichwa ya eksirei, huhitaji MRI, na mara nyingi ikitolewa mapema mtu anarudi kama alivyokuwa.

Usiku huu huu mpeleke hospitali yenye CT, usingoje Jumatatu. Ukifika mapokezi anza na kuanguka, usianze na kusahau, maana ukitaja kusahau kwanza watakupanga foleni ya kliniki. Beba dawa zake zote, hasa kama kuna aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu. Na kama amelala sasa hivi, mwamshe uone anaitika vipi. Akiwa haamki vizuri, usisubiri gari la shemeji, kodi bajaji.

Mwanaidi_K

Anaitika ila anarudi kulala. Tunatoka.